Redio Isiyotazamwa

Kinyozi mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Antena, alikuwa na mdomo bila sikio. Si yeye mwenyewe, kwani masikio alikuwa nayo mawili, tena makubwa. Ni redio yake.

Jina la Antena alilipata kwa shingo yake ndefu, na pia kwa waya alioutandaza juu ya paa la nyumba yake, ambao ndege waliupenda kuliko mti wowote. Alikuwa mkusanyaji wa redio za jeshi, zile za vita vya zamani, masanduku ya chuma yenye rangi ya kijani iliyochubuka, vitufe vikubwa vya kuzungusha hata kwa mikono iliyovaa glavu, na mikanda ya turubai ya kubebea mgongoni. Nyumbani kwake zilikuwapo kumi na moja. Mkewe alizifumia vitambaa vyeupe, akazifunika, na wageni wakawa wanaweka vikombe vya chai juu yake wakidhani ni meza. Mgeni mmoja aliwahi kuuliza kwa nini meza za nyumba hii zina masikio ya kuvalia kichwani.

Ile aliyoipenda zaidi ilikuwa ya kurushia sauti tu. Redio za aina hiyo zilitengenezwa mbili mbili: sanduku moja la kusemea, jingine la kusikilizia, na yote mawili yakagongwa namba moja kwenye kibati cha mbele ili yasipotezane vitani. Antena alikuwa na la kusemea, namba mia nne kumi na saba. La kusikilizia lilipotelea alikojua Mungu. Miaka sita alilitafuta. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alipiga magoti kando ya kitanda, akawaombea watoto wake waliokwisha kuolewa na kuoa, akawaombea wagonjwa wa mtaa, na mwisho, kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba radhi kwa kusumbua, akasema, "Na lile sanduku, Bwana, kama halitakuwa na usumbufu."

Jumatatu moja fundi bomba alikaa kwenye kiti chake kunyolewa. Fundi bomba ni mtu asiyeweza kunyamaza hata wembe ukiwa shingoni.

"Nimetoka kwa Mwalimu," akasema. "Bomba la barazani lilikuwa linavuja. Yule mama anahama Jumamosi, anakwenda kuishi kwa binti yake. Anagawa na kuuza kila kitu. Kitakachobaki kitazolewa na lori la chuma chakavu asubuhi hiyo hiyo. Ana kidude pale barazani, chuma kitupu, kama jeneza la paka. Amekiwekea chungu cha maua juu."

"Rangi gani?" Antena akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua.

"Kijani. Nililala chini yake saa nzima nikifunga bomba, hadi kibati chake nikakisoma kwa shida chini ya matope. Mia nne na kitu. Kumi na saba, nadhani."

Wembe ukasimama. Kisha ukasogea pale usipotakiwa.

"Aaah! Antena! Sikio hilo!"

"Pole, ndugu yangu. Nalitafuta siku nyingi."

Mwalimu huyo alikuwa mjane mstaafu aliyefundisha hesabu miaka thelathini na minane. Nusu ya vichwa alivyonyoa Antena vilipitia darasani kwake, na vingine hadi leo vilinyooka vikimsikia akikohoa barabarani. Kumwendea na kumwambia, "Mwalimu, naomba ile redio," lingekuwa jambo la dakika tano. Lakini wakusanyaji wa redio hawafanyi hivyo.

Antena alifundishwa kazi hii na Fundi Saa, mwenye kibanda cha kutengeneza saa milango miwili kutoka kwa kinyozi. Walikuwa marafiki kwa namna ya paka wawili wa jikoni moja. Fundi Saa alikuwa na redio kumi na nne, na hakuacha kulitaja hilo. Somo la kwanza alilompa Antena lilikuwa hili: usikitazame unachokitaka. Ukiingia nyumba ya mtu ukakiona chombo, macho yaende pembeni. Sifu kilicho jirani yake. Nunua hata kitu kidogo. Kisha, ukiwa mlangoni unaondoka, geuka na useme, "Na lile bati pale, mama, nikusaidie kulitupa?" Mwenye kitu akikuona unameza mate, umekwisha.

Mchana huo Antena alivuta pazia la kibanda chake, akaomba. Hakuomba kusema uongo. Alikuwa mcha Mungu wa kweli. Aliomba tu apewe hekima ya kunyamaza mahali panapofaa. Akaondoka na taulo begani.

Mwalimu alimkaribisha barazani. Redio ilikuwapo. Antena aliiona kwa pembe ya jicho, akaona mikono miwili ya kubebea pande zake. Upesi akageuza uso akakodolea stuli ya mbao.

"Mwalimu, stuli hii ni nzuri sana."

"Ina mguu mmoja mfupi."

"Ndio uzuri wake. Inamkumbusha mtu unyenyekevu."

Mwalimu alimtazama kidogo juu ya miwani. "Basi ichukue, Kinyozi. Naona mmependana."

Antena akaibeba stuli hadi mlangoni, akageuka kusema neno la mwisho kama alivyofundishwa. Lakini Mwalimu alikuwa amesimama karibu yake mno, akimtazama kwa yale macho ya kusahihisha mtihani, na maneno yakarudi tumboni. Akaaga.

Jumanne akarudi. Safari hii alilisifu beseni kubwa la bati lililokuwa upande wa pili wa redio. Akarudi nyumbani amelivaa kichwani kama kofia ya chuma. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Antena alitaka cha mvunguni, lakini badala ya kuinama akawa anausifu mto.

Jumatano mambo yaliharibika. Mwalimu alikuwa amemfunga bata mzinga barazani, mbele kabisa ya redio. Antena alifurahi: sasa angeweza kuitazama redio atakavyo huku akionekana anamtazama ndege. Akaangalia kati ya miguu ya bata mzinga. Akaona kipande cha kibati. Ndege akasogea, naye akasogea. Ndege akainua mbawa, naye akainama.

"Kinyozi," akasema Mwalimu, "nusu saa nzima unamtazama huyu. Sijapata kuona mapenzi ya namna hii."

"Ni ndege... ana sura ya heshima, Mwalimu."

"Nilikuwa nawaza nani atamtunza kwa upendo. Mungu amejibu."

Mkewe alikuwa anaanika nguo alipomwona mumewe akiingia uani na bata mzinga kwapani, uso wake una mikwaruzo mitatu na shati limekosa vifungo. Akaweka kibanio mdomoni, akakitoa.

"Baba watoto."

"Naam, mke wangu."

"Ulikwenda kutafuta redio."

"Ndiyo."

"Huyu anashika stesheni gani?"

Antena akamweka ndege chini. Ndege akakimbilia beseni akalipanda, akaanza kuhutubia. Kinyozi akaeleza: somo la Fundi Saa, kutazama pembeni, ustadi wa kazi.

"Na wala sikusema uongo hata mara moja," akamaliza. "Stuli nilisema nzuri, na ni nzuri. Beseni imara, na ni imara."

"Kinyozi wewe," mkewe akasema, "na Mungu unamfanyia kama mteja. Unamshikia kioo kidogo aone kisogo kilichonyooka, na pale ulipokosea umepafunika taulo. Mficha uchi hazai. Mwambie yule mama unataka redio, basi."

"Akijua ninavyoitaka atanitesa."

"Akutese zaidi ya hivi?"

Bata mzinga akalitupa beseni chini kwa kishindo, na hapo mazungumzo yakafungwa.

Alhamisi Antena hakwenda. Alikuwa na wateja, na mikwaruzo ilihitaji kupumzika. Karibu saa sita mchana, akiwa anamnyoa karani wa posta, aliona kwenye kioo kabati la nguo likipita barabarani. Lilikuwa linatembea lenyewe. Chini yake ilionekana miguu miwili yenye viatu vya ngozi vilivyopigwa rangi vizuri, na mtaani miguu ya namna hiyo alikuwa nayo mtu mmoja tu.

Antena akatoka na wembe mkononi. "Fundi! Hilo kabati?"

Kabati likasimama. Sauti ya Fundi Saa ikatoka ndani ya mbao. "La mke wangu."

"Mke wako si ana makabati mawili?"

"Atakuwa na matatu."

"Umelitoa kwa Mwalimu?"

Kabati lilipiga hatua moja mbele. "Nilipita tu kumjulia hali," likasema. "Jana na juzi nilipita pia. Nikapata viti viwili."

Ikawa wazi kama jua. Fundi Saa naye alikuwa ameinusa. Tangu Jumanne wawili hawa walikuwa wanapishana, mmoja asubuhi na mwingine alasiri, na wote wanatazama pembeni. Antena alirudi kwa mteja wake akiwa baridi kama wembe. Fundi Saa hakuwa na sanduku la kusemea la namba ile. Angeipata ya kusikilizia angeiweka rafuni, ya kumi na tano, kwa ajili ya kuhesabu tu. Na wasipoipata wote wawili, Jumamosi lori lingeiramba, ikayeyushwe iwe bawaba za mageti. Miaka sita ya maombi iwe bawaba!

Ijumaa asubuhi alipiga magoti. Mkewe akapiga magoti pembeni, na kabla mumewe hajaanza, akaanza yeye, kwa sauti ya mtu anayetaka jirani naye asikie: "Ee Bwana, mfungue mume wangu kinywa. Umempa shingo ndefu, umpe na sauti ya kupita humo. Na kama leo atarudi na kiumbe chenye manyoya, Bwana, mpokee yeye huko huko alikotoka. Amina."

"Amina," akasema Antena, ingawa hakukubaliana na sehemu ya mwisho.

Alifika kwa Mwalimu saa tatu. Fundi Saa alikuwa amefika saa tatu kasoro dakika moja, kama ilivyo desturi ya kazi yake. Wakasalimiana kwa ukarimu mkubwa. Nyumba ilikuwa tupu, inarudisha mwangwi. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye ngazi ya baraza.

"Nisameheni, wageni wangu, sina pa kuwakalisha. Stuli iko kwa Kinyozi, viti viko kwa Fundi."

Kwenye baraza kulikuwa na vitu viwili tu: fagio lililoegemea ukuta, na redio yenye chungu cha maua juu. Wanaume wawili wakasimama wameipa redio mgongo. Mmoja alitazama mashariki, mwingine magharibi, kama askari wa lindo.

"Hili fagio," akaanza Antena. "Hili fagio ni la... la majani mazuri."

"Mimi," akasema Fundi Saa kwa utaratibu, "nimevutiwa na ua lile, Mwalimu. Ua lile lina afya. Mke wangu anapenda maua."

"Mke wako?" akasema Antena. "Si huwa anapiga chafya?"

"Ameacha." Fundi Saa akajikohoza. "Ila maua, Mwalimu, hayapendi kuhangaishwa. Yakizoea mahali, yamezoea. Nafikiri ningelibeba kama lilivyo, na hicho kibao cha chini yake, lisishtuke."

Mzee yule alikuwa anaipitisha redio mlangoni kwa jina la kibao cha maua! Antena alitaka kupiga kelele, akakumbuka kwamba Fundi Saa ndiye aliyemfundisha ukusanyaji. Kisha, na yeye mwenyewe baadaye alisema hajui kama wazo lile lilitoka juu au lilipanda kutoka chini, akauliza kwa sauti ya upole:

"Fundi, wewe ndiye mjuzi wetu. Hicho cha chini ya ua ni kitu gani? Isije Mwalimu akadhani ni kitu cha maana ndicho ulichokifuata."

Kuuliza si dhambi. Na kwa mtu yeyote mwingine swali lile lingekuwa jepesi. Lakini Fundi Saa alikuwa ameishi na somo lake miaka thelathini, likamwingia mpaka kwenye mifupa. Kinywa chake kikajibu kabla kichwa hakijafika.

"Hicho? Ah! Bati tu. Takataka."

"Kabisa?"

"Kabisa. Kimeoza ndani. Mimi hata nikipewa bure sikichukui."

"Kwa hiyo wewe unataka ua tu."

"Ua tu! Nimesema! Niapishwe?"

"La, la, yatosha," akasema Antena. Akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu akaitazama redio uso kwa uso, na macho yakamjaa maji, akaona aibu, akaendelea tu. "Mwalimu, mimi naitaka hiyo takataka. Naitaka tangu Jumatatu. Stuli sikuitaka. Beseni sikulitaka. Bata mzinga, Mungu anisamehe, sikumtaka hata kidogo, na sasa hivi amekalia kitanda changu. Nyumbani nina sanduku linalosema na halisikii. Hili ndilo linalosikia. Kama ni namba yenyewe, yamekuwa mbali tangu vita. Nakuomba."

Fundi Saa alifungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena, ukatoa sauti kama saa inayotaka kugonga na kengele imekwama.

Mwalimu aliinuka, akanyanyua chungu cha maua, akampa Fundi Saa kifuani. "Ua lako."

Juu ya sanduku palibaki duara la matope, na maji ya maua yalikuwa yametiririka mbele miaka mingi, yakakifunika kibati kwa gamba jeusi. Fundi bomba alisema "nadhani". Antena akapiga magoti, akatoa taulo begani, akalitemea mate, akaanza kusugua. Ikatokea nne. Ikatokea moja. Akasimama kupumua.

"Endelea basi!" akafoka Fundi Saa, ambaye sasa alikuwa ameinama na ua lake hadi majani yanamwingia Antena sikioni.

Ikatokea saba.

Fundi Saa mwenyewe, bila kutaka, akasema, "Ashukuriwe Mungu," kisha akakunja uso kama mtu aliyepiga makofi kwenye msiba.

"Marehemu mume wangu aliinunua kwenye mnada wa maghala ya serikali," akasema Mwalimu. "Alisikilizia mpira mpaka ikazimika. Ichukue, Kinyozi. Ungeniuliza Jumatatu, ningekupa Jumatatu."

"Jumatatu?" Antena akauliza.

"Lakini nani angemchukua yule bata mzinga?" Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni. "Miaka thelathini na minane nimekaa mbele ya watoto. Kukiwa na peremende iliyoibwa darasani, simtafuti anayeitazama. Namtafuta asiyeitazama. Nyie wawili mliingia hapa siku tofauti, shingo zimepinda kama mna jipu, nikajua. Nikasema, ahaa, lori la nini? Hawa wataihamisha nyumba yote. Jana nimempigia simu mwenye lori asije."

"Mwalimu!" wakasema wote wawili, kwa sauti ya wanafunzi wa miaka tisa.

"Nini? Nimedanganya mtu? Kila mtu amepewa alichokisifu. Haya, jua linapanda. Lina mikono miwili hilo, mmoja hawezi. Fundi, shika huku."

"Mimi? Nina ua."

"Una mikono mingapi?"

Fundi Saa alitazama mikono yake, akaihesabu. Akaweka chungu kwapani, akashika upande wa kushoto. Antena akashika wa kulia. Chuma kilikuwa kizito kama dhambi ya siri, na kila hatua kitu fulani ndani kiligonga kidogo, ting, ting, kama kinajaribu kuamka.

Walitembea wakiwa wamenuniana hadi kwa muuza mkaa. Hapo Fundi Saa akasema, "Tupumzike."

Wakaweka chini. Fundi Saa hakuwa anahema. Alichuchumaa mbele ya sanduku, akazungusha kitufe kikubwa taratibu, akakirudisha. Akapitisha kidole kwenye mkwaruzo. Hakuwahi kuitazama, maskini. Siku zote tatu alikuwa ameona viti na kabati.

"Rangi yake ya vita hii," akanong'ona. "Haijaguswa."

"Haijaguswa."

"Taa zake za ndani utazikuta nzima. Mbili hivi zitakuwa zimekufa."

"Umesema imeoza."

"Nyamaza, bwana."

Wakabeba. Kwa mshona viatu, Fundi Saa akasema tena tupumzike. Na penye bomba la mtaa tena. Watu wakawasalimu, wakauliza wanabeba nini, na Antena, ambaye juma zima alikuwa amebana maneno, sasa alimjibu kila mmoja, hata mtoto wa miaka minne: ni redio ya vita, namba mia nne kumi na saba, na nimeitaka miaka sita. Kila alipolisema, alijiona mwepesi zaidi, na Fundi Saa alizidi kuchukia.

Mwishowe wakafika njia panda. Kulia ni kwa Antena. Kushoto, hatua ishirini, ni kibanda cha saa. Antena akageuka kulia. Sanduku halikugeuka. Lilikuwa linakwenda kushoto, polepole, kwa adabu, kama ng'ombe aliyeona majani.

"Fundi."

"Naam."

"Kwangu ni kulia."

"Najua kwako," akasema Fundi Saa, akitazama mawinguni. "Nilikuwa nanyoosha mkono."